Nilikwenda Donholm kumkataza mtoto raga

"Dada, njoo. Mimi hanisikii tena, na babake ndiye anayempigia makofi. Njoo wewe umkataze kabla hajavunjika shingo."

Maneno hayo aliniambia mdogo wangu kwa simu kutoka Nairobi mwishoni mwa mwezi wa Februari, nami nikiwa Tanga, nimekaa barazani nachagua mchele. Mdogo wangu huyu ameolewa Kenya miaka mingi sasa. Ana watoto watatu, na huyo kitinda mimba, mvulana wa kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa anamkosesha usingizi. Alikuwa ameingia katika timu ya raga ya shule yao. Tangu shule zifunguliwe Januari alikwisha kurudi nyumbani mara mbili jezi ina damu, na mara ya tatu jicho limevimba kama andazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi miaka ishirini na saba, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa pia mwalimu wa michezo. Mabinti wangu wa mpira wa pete nimewapeleka UMITASHUMTA mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa hiyo nilijiona mtu ninayeujua mchezo, uzuri wake na hasara zake. Isitoshe, mimi ni mama mkubwa, na kwetu mama mkubwa akitamka neno, neno limetamkwa. Nikafunga mzigo wangu, nazi kadhaa na kanga doti mbili za mdogo wangu, nikaanza safari nikiwa na hukumu yangu tayari mfukoni.

Nilipita Horohoro na Lunga Lunga, nikavuka Likoni kwa feri, nikalala Mombasa kwa jamaa zetu. Asubuhi yake nikapanda treni ya Madaraka, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Msomaji ambaye hajaipanda nampa shauri moja tu: akae dirishani, maana kule Tsavo utawaona tembo wamejipaka udongo mwekundu hata unadhani ndiyo rangi yao ya kuzaliwa. Alasiri nilikuwa nimeshuka Syokimau, na shemeji yangu yuko nje ananingoja na gari lake la zamani.

Donholm sikuwa nimeiona tangu mwaka 2009, na nakiri kwamba sikuitambua. Pale ilipokutana barabara ya Jogoo na ile ya Outer Ring, palipokuwa na mzunguko ambao magari yalikuwa yakikwama kama nzi kwenye asali, sasa pana daraja la juu. Outer Ring yenyewe imepanuliwa mpaka imekuwa mto, na watu wanaivuka kwa madaraja ya miguu. Kituo kimoja hapo njiani bado kinaitwa Taj Mall, ingawa jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 2018. Ndivyo watu walivyo. Jengo huondoka, jina likabaki kwa makondakta.

Jina la Donholm nalo ni la namna hiyohiyo. Zamani za wakoloni mahali hapa palikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la Mzungu mmoja wa Uskoti, James Kerr Watson, naye akalipa jina la Doonholm, mahali palipo kando ya mto Doon huko kwao. Hata barabara ya Jogoo iliitwa kwanza Doonholm Road, kabla ya uhuru kuja na jogoo wake, ambaye alikuwa alama ya chama cha KANU. Shamba likakatwakatwa, zikajengwa nyumba za watu wa kipato cha kati, na mitaa ikapewa majina ya kihandisi kabisa: Phase 5, Phase 8. Mwaka ule wa 2009 nyumba nyingi zilikuwa za ghorofa moja zenye ua mdogo na mti wa parachichi. Leo magorofa yamesimama bega kwa bega, na nguo zinaanikwa mpaka angani.

Mdogo wangu anakaa katika kiwanja kimoja chenye geti na mlinzi, nyumba ishirini hivi zikitazamana. Nje ya geti ndiko yaliko maisha. Kuna mama mboga anayekukatia sukuma wiki nyembamba kama nyuzi huku anazungumza nawe bila kuangalia kisu. Kuna kijana wa soseji na mayai ya kuchemsha anayesukuma kitoroli chake. Kuna kinyozi, fundi viatu, na jioni yuko mzee wa mutura anayefukiza mtaa mzima kwa moshi wa utumbo uliojazwa nyama. Matatu zinapita na muziki unaotetemesha vikombe kabatini. Mvua ikinyesha, na Machi ile ilikuwa imeanza, udongo mweusi wa upande huu wa jiji hushika kiatu chako kana kwamba unakudai.

Na maji ni ya zamu. Ukifungua bomba mchana linapiga mluzi tu. Kila nyumba ina tangi, na kila tangi lina wasaidizi wake, yale madumu ya manjano ambayo wenzetu wanayaita mitungi, yamepangwa jikoni na bafuni kama askari gwarideni. Mdogo wangu anajua siku ya maji kama mwezi wa Ramadhani unavyojulikana.

Mtoto alirudi shuleni magharibi. Ni mwanafunzi wa kutwa, na shule yao iko upande wa pili wa jiji, kwa hiyo hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeingia. Aliingia akainama mlangoni, maana amekuwa mrefu kupita babake.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Nairobi vijana hawana shikamoo. Hii ni kazi ya mamake, aliyoipigania miaka kumi na saba ndani ya nyumba ile. Nilimtazama vizuri. Shingo imekuwa nene kama ya mpagazi, juu ya nyusi ya kushoto pana kovu jipya, na magoti yamechubuka. Lakini uso ni uleule wa mtoto aliyekuwa akinililia nimmenyee embe.

Tulikula chapati na ndengu, ambazo sisi tunaziita choroko, na hakuna aliyegusa jambo lililonileta. Shemeji alizungumza habari za mvua. Mdogo wangu alinikanyaga mguu chini ya meza mara mbili. Ndipo nikasema, "Nasikia unacheza mpira wa Wazungu."

Mtoto akaweka kijiko chini. Hakukasirika. Aliniuliza kwa adabu, "Mama Mkubwa, umewahi kuiona raga?"

"Kwenye televisheni, nikipita."

"Basi Jumamosi tuna mechi. Njoo uone, halafu unikataze."

Sasa mwalimu utasema nini hapo? Mimi mwenyewe nimewaambia wanafunzi maelfu wasihukumu kitabu wasichokisoma. Nikakubali. Mdogo wangu aliondoka mezani na sahani zake, na jinsi alivyozitua kwenye sinki nikajua kwamba ananiona nimekwisha kusaliti.

Baadaye, tulipobaki sebuleni, mtoto alinieleza lilikoanzia. Ilikuwa Jumapili, tarehe 17 Aprili 2016, naye ni mdogo wa shule ya msingi, amekaa na babake mbele ya televisheni hapohapo Donholm. Kenya ilikuwa inacheza fainali ya raga ya wachezaji saba huko Singapore dhidi ya Fiji, wale mabingwa ambao miezi minne baadaye walitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Kenya ikawafunga 30 kwa 7. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Kenya kushinda duru yoyote ya mashindano yale ya dunia, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye alifariki mwaka 2021. Mtoto anasema kiwanja chao kizima kilitoka nje kupiga sufuria, na mlinzi akaacha geti wazi.

Jumamosi tuliondoka mapema, shemeji na mimi. Mdogo wangu alikataa. Hajawahi kwenda hata mechi moja, na siku ya mechi hujitafutia kazi ngumu kuliko zote za nyumba. Siku hiyo alikuwa anafua mapazia ambayo, kwa macho yangu, hayakuwa na kosa.

Njia ya kutoka Donholm kwenda mjini ni darasa la historia, na shemeji anapenda kufundisha. Tulipita Jericho na Mbotela na Ofafa Maringo na Kaloleni, mitaa iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952. Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, naye aliuawa mwaka 1953, katika miaka ileile ya Mau Mau. Tukapita uwanja wa mpira ambao sasa una jina la Joe Kadenge, mchezaji ambaye hata baba yetu kule Tanga alikuwa akimtaja.

"Unaona, Shem," akasema, "zamani Mwafrika alipangiwa huku Mashariki, Mhindi akapangiwa kule Ngara na Parklands, na Mzungu akachukua Magharibi kwenye miti na baridi. Raga ilikuwa ya huko Magharibi. Sisi wa huku ilikuwa ni kandanda na ngumi."

Alinieleza kwamba shule zilizoikuza raga hapa zilikuwa za watoto wa walowezi: Prince of Wales, iliyofunguliwa mwaka 1931, na Duke of York, iliyofuata mwaka 1949. Ya kwanza leo ndiyo Nairobi School na ya pili ni Lenana, lakini ushindani wao haukubadilika na majina. Zikikutana hizo mbili, wazee wenye mvi wanatoka kazini mapema. Upper Hill nayo iliitwa Delamere. Baada ya uhuru watoto wa Kiafrika walipoingia katika shule zile waliukuta mchezo, wakaushika, na walipomaliza masomo wakataka klabu yao. Mwaka 1977 ikaanzishwa Mwamba, klabu ya Waafrika wenyewe. Siku hizi raga imefika kila upande. Kakamega wanaicheza, Maseno wanaicheza, na hapo Eastlands kwenyewe Ofafa Jericho ni shule ya raga. Shule za Nairobi hugombea Kombe la Prescott kila mwaka. Shemeji mwenyewe alicheza miaka ya themanini, na bega lake la kulia haliinuki juu ya sikio. Hilo hakunieleza, alinieleza mkewe.

Katika barabara ya Ngong tulipita uwanja ambao una herufi za chama cha raga cha Afrika Mashariki. Nikashangaa. Kumbe chama hicho kiliundwa mwaka 1953 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, na mwaka 1955 wachezaji bora wa Uingereza na Ireland, wakirudi makwao kutoka Afrika Kusini, walipita Nairobi wakaifunga Afrika Mashariki 39 kwa 12. Kwa hiyo na sisi tumo katika kipigo kile. Ila kwetu mchezo haukuota mizizi shuleni. Miaka yangu yote ya kusafirisha timu niliona kandanda, pete, wavu, mikono na riadha. Mpira wa umbo la yai sikuuona.

Shule mbili zilizocheza siku ile sitazitaja, na mbele utajua kwa nini. Wenyeji wana uwanja ambao ungewaliza walimu wenzangu wa Tanga: majani mabichi yaliyokatwa, miti mirefu pembeni, na nguzo mbili nyeupe zenye umbo la herufi H kila mwisho. Wanafunzi walikuwa wamejaa upande mmoja wakiimba na kuruka kwa pamoja, mwimbishaji wao mwembamba amevua shati. Upande wa pili walikaa wazee waliosoma hapo, wengine na wajukuu zao, nao wanaimba nyimbo zilezile ila kwa sauti za chini na pumzi fupi. Mtoto alikuja mbio kabla ya kuanza, amevaa jezi namba 7, akanipa shikamoo ya pili kwa siku hiyo. Akacheka alipoona nimevaa sweta mbili.

Hadithi inasimuliwa kwamba raga ilianza mwaka 1823 katika shule ya Rugby huko Uingereza, mwanafunzi aitwaye William Webb Ellis alipoudaka mpira wa miguu akakimbia nao. Wanahistoria wengi hawaiamini, lakini Kombe la Dunia la raga lina jina lake. Mimi nilipouona mchezo naikubali kabisa. Ni kandanda iliyofanyiwa utundu na mtoto mkaidi, halafu wakubwa wakaiandikia sheria.

Wachezaji ni kumi na tano kila upande. Kwa vijana wa chini ya miaka kumi na tisa, kila kipindi ni dakika thelathini na tano. Ukiufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini, hiyo ni trai, alama tano. Ukifuatisha kwa kuupiga katikati ya nguzo unaongezewa mbili. Penalti ni tatu. La ajabu ni kwamba timu yote inataka kwenda mbele, lakini ni haramu kuurusha mpira mbele kwa mikono. Lazima urushwe nyuma au pembeni. Ilinichukua karibu nusu ya kipindi cha kwanza kulielewa hilo, na kila waliporusha nyuma nilikuwa nasema kwa sauti, "Huyu naye anarudi wapi?" mpaka mzee mmoja jirani akaniomba radhi na kunieleza.

Halafu ipo skramu. Wanane kwa wanane wanainama, wanashikana makwapa, vichwa vinaingiliana, na refa akitoa amri wanasukumana kama ng'ombe dume wawili kwenye njia nyembamba. Mvuke ulikuwa unawatoka migongoni. Hapo nilifumba macho. Lakini nilipoyafumbua niliona jambo ambalo sikulitarajia. Refa, kijana mdogo mwenye mwili mwembamba, alipuliza kipenga na majitu yale yote yakaachana papo hapo. Akaamua. Hakuna aliyemzonga wala kumtolea macho, ni nahodha peke yake aliyemsogelea na kumwita "sir". Nimeshuhudia mechi za wasichana wa miaka kumi na mbili ambapo refa aliondoka chini ya ulinzi wa walimu. Hilo lilinigusa.

Na mtoto wetu? Namba 7 kazi yake, kwa nilivyoiona, ni kufika kila mahali penye ubaya kabla ya wenzake. Mpinzani akiushika mpira, yeye yupo kiunoni mwake. Akimwangusha, anainuka na kumtafuta mwingine. Mara moja alimkaba jitu moja lililomzidi kilo ishirini, likaanguka kama mnazi, na mimi nikajikuta nimesimama, sweta moja imenidondoka, napiga kelele kama nilivyokuwa nikiwapigia mabinti wangu. Mzee jirani akaniuliza kama ni mjukuu wangu. Nikasema, "Ni mwanangu." Kwa lugha yetu sikusema uongo.

Kipindi cha pili kilikuwa kimefika katikati. Alama zilikuwa 17 za wenyeji kwa 10 za kwetu. Mpinzani mmoja alichomoka pembeni, mtoto akajirusha miguuni mwake, na kichwa kikakutana na goti. Nilisikia. Katika kelele zote zile nilisikia, na mpaka leo nikizima taa huwa nasikia.

Alilala bila kutikisika kwa muda wa kusoma Fatiha. Kisha akaketi. Kisha akasimama, akataka kukimbia kurudi kwenye nafasi yake, wenzake wakashangilia. Lakini kocha wake, kijana ambaye hajafika hata miaka thelathini, alikuwa amekwisha kuingia uwanjani na mkono juu. Alimleta pembeni taratibu. Mimi na shemeji tulikuwa tumekwisha kufika.

Mtoto alinitazama akatabasamu. "Shikamoo Mama Mkubwa. Mmefika saa ngapi?"

Magoti yangu yalilegea.

"Leo ni siku gani?" kocha akamwuliza.

"Ijumaa. Kocha, niko fiti."

"Umetoka."

"Kocha, naomba. Dakika chache tu."

"Umetoka, na leo hurudi."

Sheria ya raga siku hizi ndiyo hiyo dunia nzima: mchezaji wa shule akishukiwa ameumia kichwa anaondolewa, na siku ileile hachezi tena hata akijiona mzima, kisha hupita majuma kadhaa na ruhusa ya daktari ndipo arudi. Lakini sheria ikiwa kwenye karatasi ni kitu kimoja, na kuisimamia wakati timu yako iko nyuma na shule nzima inaimba jina la mtoto ni kitu kingine. Yule kijana alizomewa na wanafunzi wake mwenyewe. Hakugeuka.

Shemeji alinong'ona, "Sisi zamani tulikuwa tunamwagiwa maji kichwani, tunarudi."

"Ndiyo maana kila asubuhi unatafuta funguo za gari," nikamjibu. Najua ilikuwa ni ukali usiostahili kwa mume wa mtu, lakini sijutii.

Niliketi kwenye majani na mtoto, nimemshika upindo wa jezi kama anayeweza kuruka. Dakika ya mwisho kwetu wakafunga trai kwenye kona. Kumi na tano kwa kumi na saba. Mpira wa kuongeza alama mbili ulipigwa kutoka pembeni kabisa, ukapanda, ukagonga nguzo, ukarudi. Kipenga. Timu zote mbili zikajipanga mistari miwili, zikapigiana makofi, na mpiga mpira wetu akalia wazi mbele ya watu huku mpinzani mmoja amemkumbatia. Mtoto aliniuliza mara tatu matokeo.

Tulipitia kwa daktari kabla ya kurudi. Akamwangalia macho, akamtembeza kwa mstari, akasema ubongo umetikisika, apumzike, asishike simu, asisome sana siku za kwanza. Usiku atazamwe; akitapika au akizidiwa na usingizi usio wa kawaida, arejeshwe haraka.

Barabara ya Jogoo Jumamosi jioni haiendi. Tulikaa pale Makongeni tukitazama taa nyekundu za matatu, mvua imeanza. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma na kichwa amekilaza begani kwangu. Akasema polepole, "Mama Mkubwa, usimwambie Mama."

Shemeji akadakia bila kugeuka, "Tuseme tu amechoka. Kesho atakuwa sawa."

Sikujibu. Nilikuwa nafanya hesabu. Nilikuwa nimekuja kukataza, na sasa mkononi nina kila sababu ya kukataza. Ningefika pale getini, nikasema neno moja, na raga ikafa katika nyumba ile. Lakini nilikuwa nimemwona mtoto huyu akiinuka kutoka kwenye tope na kumtafuta mwingine, na nilimwona yule kocha akizomewa. Hayo nayo ningeyaweka wapi? Na nikinyamaza, usiku nani atamtazama? Mamake atalala kwa amani ya uongo niliyomletea mimi, dada yake, aliyeniita nimsaidie.

Mdogo wangu alifungua mlango, mapazia yananing'inia nyuma yake. Nikamwambia yote hapohapo kizingitini, pamoja na goti na ile Ijumaa. Mtoto alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Mdogo wangu hakulia wala hakugomba. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakipapasa chote kama anayechagua tikiti sokoni, akampeleka kulala. Kwa shemeji hakusema neno, na shemeji akaenda kulala bila chai.

Tuligawana usiku. Kila baada ya muda mmoja wetu alipanda ngazi kumsikiliza anavyopumua. Saa nane maji yakaja. Nyumba zote zikaamka, taa zikawaka kiwanja kizima, ukawa unasikia mitungi inavyogongana kwa majirani kama soko la alfajiri. Mdogo wangu na mimi tukafunga kanga vifuani, yeye akishika mpira wa bomba, mimi nikipokea na kufunga vifuniko. Tulifanya hivyo tulipokuwa wasichana kisimani Tanga.

Mtungi wa nne au wa tano ulikuwa unajaa aliposema, bila kuniangalia, "Walishinda?"

"Walishindwa. Kumi na saba kwa kumi na tano. Mpira wa mwisho uligonga nguzo."

Akasogeza bomba kwenye mtungi mwingine. "Naye alicheza vipi, kabla?"

Nikamweleza. Nilimweleza lile jitu lililoanguka kama mnazi, na sweta yangu iliyodondoka, na yule mzee jirani. Nilipofika kwenye skramu nikashindwa kuieleza kwa maneno, ikabidi niiname pale jikoni na kusukumana na friji. Mdogo wangu alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni, halafu ndipo akalia. Nilimwachia. Nikachukua bomba, nikaendelea kujaza.

Asubuhi mtoto aliijua siku, aliujua na mwezi. Kwa karipio langu lote nililolibeba kutoka Tanga nilimwambia mambo mawili tu: kwamba hatagusa mpira mpaka daktari aseme, na kwamba siku nyingine akiumia asimtume mtu yeyote kuficha. Alikubali la kwanza haraka. La pili alilifikiria kidogo, akasema, "Sawa, Mama Mkubwa," na nikaona amenisamehe nusu. Jumatatu nikapanda treni.

Muhula wa pili ulipoanza daktari alikuwa amekwisha kumruhusu. Wakati huo shule hucheza raga ya wachezaji saba, ambayo mechi nzima ni dakika kumi na nne. Mdogo wangu alinipigia simu Jumamosi moja jioni, anahema kama aliyekimbia yeye. Alikuwa amekwenda. Alisimama nyuma ya basi la shule, ameupa uwanja mgongo, mikono masikioni lakini vidole amevifungua, na kila kelele zilipopanda alimwuliza dereva wa basi ni upande gani umefunga.